Askari wa Kichuguu Hula Kwanza

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Nani ana masikio hapa?"

"Sisi!"

"Na nani ana mdomo?"

"Sisi!"

Basi masikio yafunguke, midomo ifungwe. Na wewe Kabula, wa kwako hasa, maana karanga nilizokupa umenye zinatakiwa ziende ungoni. Mimi naona zinapotea njiani.

Najua mnachonong'ona. Mnasema ngano za mchana humwotesha msimulizi pembe. Haya, Masele, njoo unipapase kichwa. Nivue hiki kitambaa, usiogope. Pana pembe? Hapana. Nywele je? Nazo hapana, ni vinyoya tu kama vya kifaranga. Kwa nini? Mtajua kabla karanga hazijaisha, kama Kabula atazibakiza.

Zamani, zamani za kale, wakati hata bibi yangu hajapata bibi, palikuwa na kichuguu kikubwa porini. Ndani yake walikaa mchwa, na mchwa wale walikuwa na mji mzima: mitaa, njia, mashamba ya uyoga mtamu, na katikati kabisa chumba cha Mama Mkuu. Mama Mkuu alikuwa mnene hata hawezi kujigeuza, na kazi yake ilikuwa moja, kuzaa.

Walikuwepo wafanyakazi, na walikuwepo askari. Askari wa mchwa mmewahi kumtazama? Kichwa kikubwa, taya kama koleo. Lakini taya zile ni za kuuma tu, hazitafuni. Askari wa mchwa hawezi kujilisha hata tonge moja! Msicheke, ni kweli. Lazima mfanyakazi amtafunie, kisha amtilie mdomoni, mdomo kwa mdomo, kama ndege na kinda lake.

Katika walishaji wa askari alikuwepo mmoja aliyeitwa Bi Tunu. Yeye alimlisha askari mkubwa kuliko wote, jina lake Mataya. Alimlisha tangu Mataya akiwa mweupe, laini, hana hata taya za kukatia uzi. Kila siku Bi Tunu alikuja na uyoga mdomoni, akaimba:

"Fungua mwanangu, fungua,
wewe uume, mimi nitafune."

Na Mataya, jitu zima lenye kichwa kama kokwa la embe, alifungua mdomo kama mtoto. Bi Tunu alimpenda yule askari kuliko macho yake. Naam, mchwa hana macho, lakini mmenielewa.

Sasa, mji ule ulikuwa na desturi zake. Mwenye njaa hugonga ukuta kwa kichwa. Anagongaje?

"Ko, ko, ko!"

Vizuri. Wachukuzi wakisikia ko, ko, ko, hupeleka chakula. Anayegonga sana hupelekewa sana. Desturi ya pili, askari akiguswa mara tatu taratibu kwenye paji la uso, tu, tu, tu, maana yake ni kwamba zamu imekwisha, kapumzike. Desturi hii ilikuwa na busara yake, kwa sababu askari asiyeambiwa pumzika huishia kuuma watu wa nyumbani.

Ya tatu haikuwa na mlio wowote. Kila mchwa alijua kiasi chake. Akishiba aliacha. Akizeeka aliwapisha wengine.

Basi siku moja, katika mtaa wa nyuma, mfanyakazi mmoja alikula akashiba, na asiache. Jina lake? Wakati huo hakuwa na jina la ajabu. Alikuwa mchwa kama mchwa wengine, na hata Bi Tunu mwenyewe aliwahi kumlisha alipokuwa mdogo. Wenzake wakamwambia, "Ndugu, inatosha." Akajibu, "Kutosha ndiyo nini?" Wakamwambia mara ya pili, "Ndugu, inatosha." Akajibu, "Kutosha mnakula nyinyi?" Wakamwambia mara ya tatu. Hakujibu, alikuwa anatafuna. Ndipo wakamwita Haambiliki.

Haambiliki hakula kama watu. Mchwa mwenye adabu hutafuna tonge lake mpaka utamu wote uishe. Yeye alitafuna nusu, akatema nusu, akadaka jingine. Mbio mbio, nusu nusu. Zile nusu alizotema zikachacha, zikatoa maji makali, na maji yale yakatambaa mitaani mpaka njia zikawa na tope chachu.

Kisha akazaa. Naam, mfanyakazi akazaa, kazi ya Mama Mkuu! Akazaa wenziwe, wote sura yake, wote tabia yake. Na wote wakaweka vichwa ukutani wakagonga, na wakaimba:

"Leteni, leteni!
Cha jana tumekila,
cha leo tunakila,
cha kesho kiko wapi?"

Nanyi gongeni.

"Ko, ko, ko! Ko, ko, ko!"

Jamani, mnanipasua kichwa. Ndivyo walivyogonga. Na wachukuzi, masikini, wakafanya walichofundishwa. Waliposikia kelele walipeleka chakula, na kelele zilipozidi wakazidisha. Hawakutosheka na njia zilizokuwepo, wakamsaidia Haambiliki kuchimba vijia vipya, vya pembeni, moja kwa moja hadi kwenye mashamba ya uyoga.

Mnajua walisema nini? Walisema, "Mtaa wa nyuma umestawi! Tazama ulivyonenepa!" Uvimbe wakauita neema.

Na askari je? Askari wa mchwa ana fahari. Askari hagongi ukuta kuomba chakula. Husimama kimya, akasubiri mlishaji wake. Basi yule mpiga kelele akajaa, na yule mlinzi akakonda.

Bi Tunu alikwenda shambani akakuta uyoga umekwanguliwa. Alirudi na tonge dogo kama kichwa cha sindano. Siku ya pili, nusu ya kichwa cha sindano. Siku ya tatu akarudi na mate matupu. Alilia, na Mataya akamwambia, "Usilie mama. Mimi nimeshiba." Alikuwa mwongo mbaya, tumbo lake lilisikika mpaka mlangoni.

Mataya hakuwa mjinga. Akasema, "Mtaa wa nyuma pana jambo." Akachukua askari saba, wakaenda.

Walipofika wakanusa. Mgeni hujulikana kwa harufu, na pale palinuka nyumbani. Haambiliki akatoka, mnene, laini, anacheka.

"Mataya, ndugu yangu! Mwenyeji huuma mwenyeji?"

"Harufu ni ya nyumbani," Mataya akasema, "lakini matendo si ya nyumbani."

"Umechoka, ndugu. Umelinda sana. Zamu imekwisha." Akanyoosha mkono, akamgusa Mataya kwenye paji la uso.

"Tu, tu, tu!"

Mnaona mnavyojua! Tu, tu, tu, na Mataya akageuka. Akaguswa wa pili, akageuka. Wote wakageuka, wakaenda kulala mchana kweupe, na mmoja alikoroma njiani.

Walipoamka wakaona haya, wakaenda mara ya pili. Safari hii walikuwa ishirini, na walikubaliana wasisimame kuongea. Lakini kufika wakaingia kwenye lile tope chachu. Miguu ikalegea. Taya zikawa nzito. Nani anaweza kupigana bila chakula, amesimama katika uchachu hadi magotini?

Na pale mlangoni aliketi Mzee Tulizana, msuluhishi wa mji. Mzee huyu kazi yake ilikuwa kutuliza askari wenye hasira wasije wakaumiza wenzao, kazi njema kabisa. Tatizo lake ni moja. Yale maji makali yaliyowalegeza wengine, yeye yalimnenepesha. Alikuwa na kata mkononi, anakunywa kama togwa.

"Vijana, vijana," akasema, akapiga mbweu. "Ugomvi wa nini? Sote ni ndugu. Njooni tukae."

Wakakaa. Wengine hawakuinuka tena. Mataya alirudishwa amebebwa kama mzigo wa kuni, akalazwa miguuni pa Bi Tunu.

Hapo, wajukuu zangu, Bi Tunu aliogopa. Aliogopa kweli kweli. Mtaa wa nyuma ulikuwa umekwisha kupita shamba la pili, na toka hapo hadi chumba cha Mama Mkuu zilibaki hatua chache tu. Lakini niwaambie ukweli, wala hakuwa anamfikiria Mama Mkuu. Alikuwa anamtazama yule askari wake, kichwa kikubwa kimelala upande, taya wazi.

Akainama amlishe. Hakuwa na kitu, akamlisha mate yake. Alipomgusa mdomo akaonja uchachu. Akasita. Akamlamba miguu, uchachu. Akamlamba taya, uchachu. Mlishaji ana ulimi, jamani! Wengine walinusa wakasema ni nyumbani. Yeye alionja.

"Kumbe hawashindwi kwa nguvu," akasema. "Wanalewa njaa na uchachu, kisha wanabembelezwa."

Akaenda mbio kwa Mama Mkuu, akapita katikati ya wakubwa wa baraza bila hata kubisha.

"Mama, shikamoo. Chakula chako unampa anayekuua, na anayekulinda amelala njaa."

Wakubwa wakaguna. Mmoja akasema, "Mtaa wa nyuma umestawi, wewe mama. Wanagonga vizuri."

Mama Mkuu akajipapasa ubavu. Kisha akasema, "Siku tatu hizi nasikia ubavu wangu umelowa. Bi Tunu, onja."

Bi Tunu akaonja ukuta wa chumba cha Mama Mkuu. Chachu.

"Sema unachotaka," akasema Mama Mkuu.

"Nataka vile vijia vya pembeni vizibwe, vyote, leo. Nataka majivu ya nyasi zilizoungua huko nje, yamwagwe kwenye tope lile." Majivu huvunja ukali wa uchachu, ndiyo maana mjomba wenu huyalamba kiungulia kikimshika. "Nataka kila askari apakwe udongo kwenye paji la uso, mnene, asisikie mguso wa mtu. Na nataka walishaji tufuatane na askari mpaka ndani."

Baraza likacheka. "Mlishaji aende vitani? Na nini, na kijiko?"

"Nikibaki nyumbani," akasema Bi Tunu, "huko ndani nani atamtafunia?"

Wakaacha kucheka. Mama Mkuu akasema, "Fanyeni kama alivyosema."

Basi wakaziba vijia. Wakabeba majivu, chembe kwa chembe, wakamwaga. Tope likafoka, fuuu, likatulia. Wakawapaka askari udongo usoni, hata wakafanana na wapiga lipu. Na Bi Tunu akatafuna uyoga wa mwisho uliobaki katika shamba la Mama Mkuu mwenyewe, akaenda kwa Mataya.

"Fungua mwanangu, fungua,
wewe uume, mimi nitafune."

Mataya hakufungua. Akaimba tena. Hakufungua. Akaimba mara ya tatu, sauti inamkatika, na taya moja ikatikisika. Kisha ya pili. Mataya akameza. Akasema, "Mama, kuna kingine?"

Bi Tunu alicheka na kulia kwa pamoja. Mimi najua hali ile, msidhani naitunga.

Wakaenda mara ya tatu. Mbele askari, nyuma walishaji, mashavu yao yamejaa uyoga. Ndiyo, Kabula, kama yako sasa hivi.

Haambiliki akatoka anacheka. "Mataya, ndugu yangu! Zamu imekwisha." Akamgusa usoni.

"Tu, tu, tu!"

Udongo. Mataya hakusikia kitu. Haambiliki akagusa tena, kwa nguvu zaidi. Udongo! Akagusa mara ya tatu mpaka kidole kikamuuma. Mataya akasema, "Zamu ndiyo kwanza imeanza."

Haambiliki akarukia ukuta na wanawe wote wakarukia ukuta. Gongeni!

"Ko, ko, ko! Ko, ko, ko!"

"Leteni, leteni! Cha kesho kiko wapi?"

Hakikuja kitu. Vijia vimezibwa. Na wanaokula mbio mbio, nusu nusu, hawaweki akiba, kwa hiyo njaa iliwashika mara moja. Wakalegea, wale waliozoea kulegeza wengine.

Askari wakauma. Aliyechoka aligeuza kichwa nyuma, mlishaji wake akamtilia tonge, akarudi kuuma. Bi Tunu alikuwa hapo hapo mgongoni kwa Mataya, anatafuna, anaimba kwa mdomo uliojaa, na wimbo haukueleweka hata neno moja. Haambiliki alitaka kukimbia, lakini alikuwa amenenepa kuliko mlango wake mwenyewe. Akanasa katikati, kichwa nje, tumbo ndani.

Mataya akamfikia. Bi Tunu akasema, "Ngoja." Akamtazama Haambiliki, akakumbuka siku aliyomlisha tonge la kwanza. "Ulikuwa wa kwetu," akamwambia. "Hatukukunyima." Kisha akampisha Mataya.

Furaha iliyokuwepo siku ile! Mchwa walicheza mpaka kichuguu kikatikisika. Shida ikawa moja tu. Askari walisahau kubandua udongo usoni, hawakujua kupumzika, wakaanza kuuma wachukuzi miguuni. Mmoja akamuuma Mzee Tulizana kwenye makalio, na mzee akatupa kata yake akapiga kelele, "Sasa mnaniona nina kazi au sina?" Wakamcheka, wakawabandulia askari udongo, naye akawagusa tu, tu, tu, kwa haki. Wakalala.

Baadhi ya wana wa Haambiliki walijificha kwenye nyufa. Kwa hiyo askari hawakuacha kuzunguka. Lakini Mama Mkuu alitoa amri, na mpaka leo mchwa wanaifuata: kabla wachukuzi hawajaitikia mgongaji yeyote, askari hula kwanza.

Masele anauliza, Bibi, hii inatufundisha nini? Inafundisha hivi. Kikulacho ki nguoni mwako, na hula zaidi ukikilisha wewe mwenyewe. Usimpe mpiga kelele ukamsahau mlinzi anayenyamaza. Na askari aliyeshindwa usimwite mwoga mpaka umeuliza amekula nini na amesimama wapi.

Sasa nirudishie kitambaa changu. Hapana, ngoja, acha upepo upite.

Mwili wa mtu ni kichuguu, wajukuu zangu. Mwaka jana Haambiliki aliota ndani yangu, hapa, chini ya titi. Alikuwa nyama yangu mwenyewe, amekataa kutosheka. Daktari alinichorea kwenye karatasi, akaniambia, "Bibi Kalunde, uvimbe huu unakula sukari ya mwili kwa pupa na kutema uchachu, na askari wa damu yako wanachoka wakiukaribia. Nao unajua kuwabembeleza." Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo mimi naijua, ni habari ya mchwa." Alicheka. Chakula peke yake hakimtoi Haambiliki yule, msije mkamdanganya mtu. Nilipewa dawa za kumpiga na dawa ya kuwapaka askari udongo usoni. Nywele zilikuwa mpita njia tu, zikapata kipigo kwenye vurugu.

Wiki iliyopita wamenipima. Uvimbe umenywea. Hawajasema umekwisha, wamesema umenywea, na askari bado wako lindoni. Nilitoka mlango wa hospitali nikicheza, mama yenu ni shahidi, aliona haya.

Lakini Kabula, mbona umesimama? Unaleta nini? Karanga zako zote? Hizi ulizokuwa unazificha kwenye gauni? Mbona unanitilia mdomoni, mtoto wewe, mimi nina meno!

Jamani, msikieni. Anasema, "Fungua, Bibi. Askari hula kwanza."

Haya. Ngano yangu imefika mlangoni, naifunga na ufunguo nawaachia. Aliyeipenda aibebe kwao, asiyeipenda aiache karibu na jiko, itaota moto. Na sasa nyamazeni wote, nina chakula mdomoni.